Mlango wa Banda la Gari

Mzee Othmani alikutwa amekufa ndani ya gari lake, asubuhi ya baridi kali ya Juni, huko Soweto, Mbeya. Injini ilikuwa inanguruma, hita imewashwa, mlango wa banda umefungwa. Kila baada ya swala ya alfajiri mwanawe Farhan aliliwasha gari lipate moto, na mzee aliingia kuota joto akisubiri kupelekwa dukani Mwanjelwa.

"Mlango nimeufunga mimi, afande," alilia Shufaa, mke wa Farhan. "Baba alisema baridi inamuumiza. Nimemuua baba!"

Inspekta Tekla aliinama chini ya gari. Bomba la moshi lilikuwa limechomelewa upya. Masega, yale yanayosafisha moshi, hayakuwepo.

"Ni Anyitike!" Farhan alidakia. "Wiki iliyopita lilikuwa gereji kwake."

Fundi Anyitike aliletwa pale bandani.

"Nilibadilisha breki tu, afande. Injini ikiwa ya baridi inakunywa mafuta mengi, moshi wake sumu tupu. Kuna pampu inapuliza hewa kwenye bomba, masega yapate moto upesi. Yakishapata, sumu inapungua. Bila masega inamwagika tu. Na hata gari lenye masega, jamani, haliwashwi ndani ya banda lililofungwa!"

Mkuu wa kituo alitaka Shufaa ashtakiwe siku hiyo hiyo. Tekla alimwonea huruma, akamuuliza swali moja zaidi.

"Kabla hujaufunga, mlango aliuacha wazi nani?"

"Farhan. Tangu arudi na gari kutoka Iringa anauacha wazi. Zamani tulikuwa tunaufunga. Baridi hii ya Mbeya, nani aache wazi?"

Njia ya mwongo ni fupi. Tekla alimgeukia Farhan.

"Iringa ulilifanyia nini gari?"

Farhan alikaa chini kwenye sakafu.

"Lilikuwa halipandi milima. Fundi mmoja wa Mlandege akaniambia tutoe masega, litakuwa jepesi. Baba alikataza gari lake kuguswa, nikaficha. Likawa linanuka, kichwa kinaniuma. Ndiyo maana nikawa naacha mlango wazi."

"Ulijua," alisema Shufaa polepole. "Umenisikia nalia kwamba nimemuua baba, ukanyamaza?"

"Nilimwogopa baba."

"Baba amekufa, Farhan. Tangu asubuhi ulikuwa unamwogopa nani?"