Sauti ya Tatu ya Tamasha la Mafinga

Kwenye jukwaa la Mafinga waliimba wanawake wawili tu, Blandina na Joyness. Lakini Vitus, fundi mitambo wa bendi yao ya roki, alipofungua rekodi za tamasha studioni Mbeya, zilisikika sauti tatu.

"Dada Blandina, njoo usikie," alinong'ona. "Sauti hii imetoka kwenye kipaza sauti kilichokuwa kimezimwa."

Ilikuwa sauti ya kike, nyororo mpaka inasisimua mwili. Chumba kikaanza kunuka utomvu wa misonobari ya Mafinga, na madirisha yalikuwa yamefungwa. Mwenye akili zake angekimbia. Lakini Blandina alikuwa na wivu, na wivu wa Blandina, jamani, usiombe ukutane nao! Yeye ndiye aliyeanzisha bendi, yeye ndiye aliyemleta Joyness, halafu umati mzima wa Mafinga unapiga kelele, "Joyness! Joyness!"

"Mfute Joyness," akasema. "Weka hiyo. Tutasema ni mimi."

"Dada, hatujui ni ya nani."

"Ni yangu. Nimeichukua."

Vitus akabonyeza. Spika zikashusha pumzi, kama mtu aliyekubaliwa posa.

Albamu ilipotoka, Mbeya nzima ilimsifu Blandina. Joyness akamfuata nyumbani, macho mekundu. "Dada, nimekukosea nini?" Blandina alifurahi, tena alifurahi kabisa, akafungua mdomo amsimange, na kilichotoka ni ile sauti ya kwenye rekodi, nyororo, yenye harufu ya utomvu, ikayasema maneno yake yote huku yeye anajisikia kama anasikiliza mtu wa chumba cha pili, hata Joyness akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni akatoka mbio bila viatu, na Blandina akabaki amejishika koo, anakohoa, analiita jina lake mwenyewe na kulisikia likiitwa na mgeni.

Akampigia simu mama yake aliyeko Tukuyu.

"Mama, ni mimi Blandina. Niombee."

"Nani?" Mama akacheka. "Acha utani, binti. Blandina amefika mchana huu. Yuko jikoni ananimenyea ndizi."

Kwenye simu akasikika mtu anaimba huko jikoni. Blandina aliitambua sauti ile yenye mikwaruzo. Ilikuwa yake, aliyozaliwa nayo.

"Mama, mfukuze! Huyo si mimi!"

"Shika adabu yako!" mama akafoka. "Miaka mitatu mwanangu hakukanyaga hapa, kisa bendi. Leo amepiga magoti kunisalimia. Una wivu wewe."

Akakata simu.