Aliyeaga Kwenda Kiruna

Uliisoma habari ile. Usiniambie hukuiona. Ilikuwa mistari mitatu chini ya tangazo la viatu vya theluji: mfanyakazi Mwafrika amekutwa amekufa kwa baridi Fisksätra, polisi hawashuku uhalifu. Ulisema "masikini," ukafungua ukurasa wa michezo. Mimi sikusahau. Rudi sasa, nikuonyeshe ulichokiruka.

Jumamosi, tarehe 17 Januari 1976, saa mbili asubuhi, mzee wa Kiswidi aliyekuwa akitembeza mbwa nyuma ya maghorofa ya Fisksätra, kitongoji cha mji mkuu wa Uswidi, alimkuta Severin Rwegasira amelala kifudifudi penye miti, karibu na maji yaliyoganda. Alikuwa amevaa shati, suruali, na ndara za kitambaa, zile za kuvaa ndani ya nyumba. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevunjika. Mfuko wa shati ulikuwa na tikiti ya treni ya usiku kwenda Kiruna, mbali kabisa kaskazini. Koti halikuwepo, wala viatu.

Jumatatu Inspekta Hedman alimwita dada wa marehemu, Leokadia, muuguzi katika hospitali kubwa ya Flemingsberg. Hedman hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Ijumaa ndugu yako alipita nyumba kwa nyumba akisema kwaheri," alisema. "Aliwaomba watu msamaha. Aligawa chakula chote cha jikoni kwake, ufunguo akampa jirani. Mtu anayefanya hivyo, bibie, ameshaamua kufa."

"Kwetu mtu anayefanya hivyo anasafiri."

"Kwenda Kiruna kutazama mbingu?"

"Ndiyo. Na tikiti alikata."

"Watu hubadili nia."

"Na koti lake? Viatu vyake?"

"Anayekufa kwa baridi, mwishoni huhisi joto kali. Huvua nguo. Tunayaona kila mwaka. Theluji ikiyeyuka tutavikuta."

Leokadia alitazama zile ndara ndani ya mfuko wa plastiki mezani. Za buluu, zimeshonwa kwa mkono, pembeni zina uzi mwekundu.

"Anayehisi joto huvua," alisema. "Hizi alizivaa kwa sababu gani?"

Hedman alifunga jalada. "Niletee jambo ninaloweza kuliandika. Jumatatu ijayo naweka saini kwamba alijiua, na maiti inasafirishwa."

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi Leokadia. Mama yao alikuwa Bukoba, na padre wa kule asingemsomea misa mtu aliyejiua. Severin angefukiwa pembeni kama mbwa, bila sala, na mama yake angetazama.

Safari yenyewe ilipangwa tangu Septemba. Severin alikuwa akifanya kazi Södertälje, katika kiwanda cha maboksi kisicho na dirisha. Wakati wa baridi aliingia gizani na kutoka gizani. Mswidi mmoja alimwambia kwamba huko Kiruna, mwezi wa kwanza, mbingu huwaka kijani na zambarau na kutembea kama pazia lililopulizwa na upepo. Basi kila Jumamosi wanne walikutana nyumbani kwa Mueni, Mkenya anayeishi Fisksätra, wakatandaza ramani sakafuni. Walibishana juu ya soksi. Walibishana kama macho huganda. Mwenyekiti Mashauri, mkuu wa chama cha Watanzania, aliahidi kuwaongoza. Bethuel, mwanafunzi kutoka Kenya, aliahidi kuja na kamera. Krismasi ilipopita, Mwenyekiti akawa na kazi, Mueni akawa na mafua, Bethuel akagombana na Severin mbele ya watu. Akabaki mmoja na ramani.

"Nitakwenda hivyo hivyo," Severin alimwambia dada yake kwa simu. "Nikimwandikia mama kwamba nimeziona zile taa, atajua nipo mahali, si gizani tu."

Leokadia alianza na Bethuel, kwa kuwa kila mtu alimtaja yeye. Alimkuta chumbani kwake, ndevu hazijanyolewa.

"Ulimwita mshamba mbele ya watu," Leokadia alisema.

"Nilimwita. Nikamwambia ni mwendawazimu kupanda treni usiku kucha eti kuona taa." Bethuel alicheka kicheko kibovu. "Wacha nikuonyeshe kitu, dada."

Alitoa tikiti. Kiruna, Ijumaa tarehe 16, treni ile ile, haijatobolewa.

"Nilitaka nimshtue. Nikasimama Stesheni Kuu na begi langu na kamera, nikijificha nyuma ya nguzo kama mtoto. Treni ikaondoka. Hakuja. Nikasema, basi huyu jamaa amenikomoa. Nikarudi nikalala nikiwa nimemkasirikia."

"Kuna mtu alikuona?"

"Mwenye kibanda cha kahawa. Nilikunywa vikombe vitatu, akaniuliza kama nimeachwa na mke."

Leokadia alikaa kitandani. "Alipokuja kukuaga alisemaje?"

"Alileta mayai. Akasema nisamehe, nikasema toka hapa. Halafu akasema, 'Wewe ni mwepesi, Bethuel. Kuna mwingine leo ndiye mgumu. Nitamsamehe, ila akubali kusema mwenyewe mbele ya watu.' Nikamuuliza nani. Akasema nitasikia akirudi."

Mueni aliwaambia polisi kwamba Severin alimletea mkate na siagi saa tisa alasiri, akaondoka, basi. Leokadia alipokwenda Fisksätra, Mueni alirudia hayo hayo, neno kwa neno, akiwa ameelekeza macho kwenye televisheni.

"Kutoka kwako alikwenda wapi?"

"Sijui."

"Mueni, ni mimi."

"Nimesema sijui, jameni!"

"Wanataka kumzika kama mtu aliyejiua. Mama yangu ana miaka sabini. Ukiwa na neno moja tumboni, litapike."

Mueni akazima televisheni. Alilia kabla ya kusema.

"Saa kumi na moja hivi nilisikia mtu anagonga kioo. Si mlango, kioo. Anaita hodi. Hodi, hodi, hodi. Kwa Kiswahili chetu, Leokadia. Sauti ilitoka nje, juu, upande wa nyuma."

"Ukafanya nini?"

"Nikaongeza sauti ya televisheni."

"Hukuchungulia?"

"Sasa mimi ningefanya nini? Juu yangu anakaa Mwenyekiti. Yeye ndiye aliyenitafutia hii nyumba. Nikasema wana mambo yao, wamelewa. Baadaye kukawa na kishindo, halafu kimya."

Jengo zima lilisikia. Waswidi, Wafini, Wagiriki, wote walikuwa nyumbani wakila. Hakuna pazia lililosogea.

Leokadia alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili. Mashauri mwenyewe alikuwa amekuja kumpa pole tangu siku ya kwanza, ameshika kofia, akisema kwa uchungu, "Kilichoniuma, mwanangu, hakuja kuniaga mimi. Wote amewaaga, mimi mkubwa wao akaniacha." Watu walimwonea huruma. Leokadia aliyakumbuka maneno hayo alipobonyeza kengele. Severin aliyemuaga hata mfagiaji wa ngazi, afike jengo hili, amwache mwenye chama?

Alifungua Clementina, mke wa Mashauri. Mume alikuwa kazini.

"Karibu, mdogo wangu. Vua viatu, sakafu ni baridi, ngoja nikupe ndara." Aliinama kwenye rafu ya mlangoni, akapekua. "Zilikuwepo jozi mbili za wageni, nilizishona mwenyewe. Moja siioni tangu wiki iliyopita. Vaa hizi."

Zilikuwa za buluu. Pembeni zina uzi mwekundu.

Leokadia alizivaa. Alikunywa chai yote, akauliza habari za kazi. Clementina alisema Ijumaa ile aliingia kazini mchana, akarudi alfajiri. Leokadia alipokuwa akiaga aliziinua ndara.

"Dada Clementina, jozi ya pili ya hizi iko polisi. Kaka yangu alikufa amezivaa."

Clementina hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale mlangoni, katikati ya viatu.

Jumapili, tarehe 25, saa tisa alasiri, chama kilikutana ukumbini kumwombea marehemu. Mashauri alikuwa mbele. Hedman alikaa kiti cha nyuma kwa ombi la Leokadia, Bethuel ubavuni mwake akimtafsiria.

"Kijana wetu alizidiwa na upweke," Mashauri alisema. "Tusimhukumu."

Leokadia alisimama. "Mwenyekiti, Severin alifika kwako saa ngapi?"

"Hakufika, mwanangu. Nimelisema hilo kwa machozi."

"Ndara za mkeo zilifikaje miguuni mwake?"

"Ndara ni ndara. Zinauzwa kila mahali."

"Hizi alishona mkeo."

"Basi labda aliziazima siku nyingine! Unanihoji mimi? Nani aliyekupokea uwanja wa ndege ulipokuja na sanduku lililofungwa kamba?"

"Wewe. Na asante. Alifika saa ngapi?"

Mueni akainuka upande wa wanawake. "Nilimsikia akibisha hodi kwenye roshani yako. Nilinyamaza. Mungu anione."

"Mwanamke mwongo!"

Ndipo Clementina alipopita katikati ya viti, akaweka ufunguo mbele ya Hedman. "Wa stoo yetu ya chini," alisema. "Yeye alificha wake tangu siku ile. Nilikuwa na wa pili. Koti liko nyuma ya baiskeli. Viatu pia."

Mashauri alivua miwani.

"Alikuja kunisamehe," alisema polepole. "Mimi! Kijana wa juzi anisamehe mimi. Ule mgomo wa kiwandani mwaka jana, wale vijana wanne waliorudishwa nyumbani, alijua ni mimi niliyepeleka majina yao kwa wenye kiwanda. Niliambiwa nikisaidia, chama kitapewa ukumbi. Huu huu mliomo. Akasema niseme mbele yenu kabla hajarudi. Tulikuwa kwenye roshani, navuta sigara. Nikaingia ndani, nikakomea mlango. Nilitaka apoe tu. Aniombe."

"Aliomba," Leokadia alisema. "Alibisha hodi."

"Nilisikia kishindo. Nikatazama chini. Alikuwa ameruka. Alikuwa anatambaa kuelekea penye miti."

"Ukafanya nini?"

"Nikavuta pazia."

Hedman hakungoja tafsiri ya neno hilo la mwisho. Uso wa Bethuel ulimtosha. Jumatatu hakuweka saini. Karatasi iliyosafiri na jeneza ilisema kwamba mtu huyu aliuawa, na padre wa Bukoba alimsomea misa yote, kengele zikapigwa.

Mashauri alifungwa. Lakini mlango alikomea mmoja, na madirisha yaliyosikia yalikuwa arobaini, na hakuna sheria inayoyashtaki. Kwa hayo nakushtaki mimi. Yupo mtu unayemjua aliyesema atasafiri, au ataandika, au atapita Jumapili, na hujamsikia tena. Ulidhani yuko na mwingine. Mwingine naye anadhani yuko nawe. Jina lake limekuja kichwani mwako sasa hivi, usilifukuze. Weka chini karatasi hii, usiulize kama ni mbali, usingoje mshahara wala Jumamosi. Inuka ukamtafute.