Ufa Usoni mwa Bi Mkaidi

Kila asubuhi Wakesho aliteka maji kwenye bomba la stesheni ya Voi, akamsaidia mama yake kuwasha moto, kisha akashika njia ya shule. Njiani vidole vyake havikutulia. Alikuwa na gunzi la mahindi alilolifunga nyuzi za katani, na alilichezesha mpaka kengele ilipolia. Wenzake wa darasa la sita walimtania, "Katuku wa magunzi huyo!" Wakesho hakuudhika hata kidogo. Kwake kuitwa Katuku kulikuwa sifa.

Katuku alikuwa mchezesha vikaragosi. Miaka ile ya hamsini, kando ya reli yote kutoka Mombasa hadi Nairobi, ni nani asiyelijua jina lake? Alichonga watu wadogo wa mbao, akawafunga nyuzi, nao wakacheza, wakagombana, hata wakapiga chafya. Wakesho alimwona mara moja tu, alipokwenda kwa shangazi yake Wundanyi. Tangu siku hiyo alijua atakapokuwa mkubwa atafanya kazi gani, na hakumficha mtu.

Basi Mwalimu Phineas alipotangaza kwamba Katuku ataonyesha vikaragosi Voi Jumamosi, na kwamba atachagua mwanafunzi mmoja wa kumsaidia, Wakesho hakusikia tena somo la hesabu. Nani mwingine angechaguliwa?

Katuku alifika shuleni Jumatatu, mzee mrefu mwenye kofia iliyochakaa na sauti ya pole. Akamtoa kikaragosi mpya, bibi kizee mwenye kidevu kirefu. "Huyu ni Bi Mkaidi," alisema. "Hataki kuchemsha maji ya kunywa, na tumbo linamwuma kila siku." Watoto wakaangua kicheko. Akawapa nyuzi mmoja mmoja wajaribu. Zamu yake ilipofika, Wakesho alimkazia macho mzee huyo, akatabasamu mpaka mashavu yakamwuma, na Bi Mkaidi akarukaruka mikononi mwake.

"Nimempata," alisema Katuku baadaye. "Yule binti wa pale nyuma. Unaitwaje?"

"Nduku," binti akajibu kwa sauti ndogo.

Nduku! Baba yake alihamishiwa Voi juzi tu kwa kazi ya reli, na binti mwenyewe hakuwahi kuchezesha hata gunzi moja. Wenzake walipopiga makofi, Wakesho alipiga mara moja, akaficha mikono chini ya dawati.

Nyumbani alinuna mpaka mama yake akaweka mwiko chini. "Umekuwaje wewe?"

"Mzee Katuku amemchagua Nduku kwa sababu ni Mkamba mwenzake."

"Alikwambia hivyo?"

"Hapana."

"Ulimwuliza?"

"Hapana, mama."

"Basi hujui. Kula."

Wakesho hakula. Wivu ulikuwa umemshibisha.

Bi Mkaidi aliachwa shuleni ili Nduku afanye mazoezi. Kabla ya kuondoka, Katuku alimfunga kikaragosi huyo ndani ya gunia lililoloweshwa maji. "Nimemchonga Wundanyi juzi kwa mti mbichi," alieleza. "Mti huu umezoea ukungu wa milimani. Jua la Voi likiupata ghafla, utapasuka. Uache ukauke polepole. Kila jioni, Nduku, lowesha gunia."

Nduku alilowesha kila jioni bila kukosa. Alifanya mazoezi taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, na Bi Mkaidi akaanza kutembea kama bibi kweli. Wakesho alitazama dirishani, roho ikamwuma zaidi. Laiti Nduku angekuwa hajui kuchezesha!

Alhamisi ilikuwa zamu ya Wakesho kufagia darasa. Wengine walikuwa wamekwenda kula. Gunia lilikuwa pale pembeni. Akalifungua, akamtundika Bi Mkaidi kwenye msumari wa dirisha, juani kabisa. "Akauke kidogo tu," alijiambia. "Mzee amwone Nduku ni mzembe." Baada ya kufagia alimrudisha ndani ya gunia, ambalo nalo lilikuwa limekauka, akatoka mbio.

Ijumaa Katuku alikuja kuona mazoezi. Nduku akafungua gunia, akapiga ukelele. Ufa mrefu ulikuwa umepita kwenye uso wa Bi Mkaidi, kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni.

"Nduku, hukulowesha gunia?" aliuliza Mwalimu Phineas kwa ukali.

"Nililowesha, Mwalimu, hata jana jioni, bila kulifungua." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Labda maji hayakutosha. Labda sikufunga vizuri. Nisamehe, Mzee. Ni kosa langu."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Hatuwezi kumwamini tena. Wakesho, wewe unaipenda sana kazi hii. Njoo ushike nyuzi."

Hilo ndilo alilolitaka, sivyo? Alisimama mbele ya darasa zima. Katuku akamwekea nyuzi mkononi. "Sasa mtazame usoni," alisema. "Mchezesha kikaragosi hatazami watu. Hutazama uso wa kikaragosi chake."

Wakesho akainamisha macho. Ufa ule ulimkabili. Nyuma yake alisikia Nduku akivuta kamasi kimyakimya. Akamrudishia Katuku nyuzi.

"Siwezi," alisema.

"Kwa nini?"

"Ni mimi, Mzee. Nilimtoa, nikamtundika juani. Nduku hana kosa." Kisha akalia kwa sauti, mbele ya wote.

Mwalimu Phineas alifungua mdomo, lakini Katuku akainua mkono.

"Ulinichukia mimi au Nduku?"

"Nilidhani umemchagua kwa sababu ni Mkamba."

"Sikujua hata jina lake, mwanangu. Siku ile wewe ulikuwa unanitazama mimi. Ulitaka nikuone. Nduku alimtazama Bi Mkaidi tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana nilimchagua." Kisha akaongeza, "Wivu ulikufanya umtazame mwenzako wiki nzima. Ungeitazama kazi yenyewe, leo ungekuwa umejifunza kitu."

Wakesho akamgeukia Nduku, akaomba msamaha. Nduku alifuta machozi, akamtazama Bi Mkaidi. Mwishowe alisema, "Nisaidie kumrekebisha."

Mchana ule walikaa pamoja chini ya ukuta wa darasa. Katuku aliwaonyesha namna ya kuchanganya unga wa mbao na gundi na kuujaza kwenye ufa. Ufa ulizibika, lakini alama ikabaki.

Jumamosi ukumbi ulijaa watu wa reli na wakulima walioteremka kutoka Mbololo. Nduku alishika nyuzi. Wakesho alikaa nyuma ya pazia, kazi yake kutunza gunia lililolowa, na safari hii macho yake hayakubanduka kwenye uso wa Bi Mkaidi.

"Bibi," Katuku aliuliza, "mbona uso wako una alama?"

Kisha akajibu mwenyewe kwa sauti ya kizee, "Nilinuna, mwanangu! Nilinuna mpaka nikapasuka!"

Ukumbi ukaripuka kwa kicheko. Wakesho aliona uso wake unawaka moto. Nduku akamtupia jicho, akakaza midomo ili asicheke, akashindwa. Basi wakacheka wote wawili, huku wameziba vinywa.

Jumapili walimsindikiza mzee stesheni. "Nitarudi mwakani," aliwaambia alipopanda behewa. "Wakesho, sitakuuliza kama unaipenda kazi hii. Nitatazama macho yako yanaelekea wapi. Mtu hapati ujuzi kwa kumpokonya mwenzake nafasi. Kaa karibu naye, mtazame anavyofanya, ufanye nawe."

Treni ilipoondoka, Nduku alinyoosha mkono. "Lile gunzi lako unalo?"

Wakesho akalitoa mfukoni. Aligawa nyuzi, mbili zake na mbili za Nduku, wakaenda nalo wakilitembeza mpaka nyumbani.