Matundu Manne Nyuma ya Mlango

"Komeo liko wapi?" Wakili aliuliza.

"Komeo gani, mama?" Mlezi alijibu kwa upole, mikono nyuma, kama mgeni kwenye karakana yake mwenyewe. "Mlango huu haujapata kuwa na komeo. Unavuta, unatoka. Sasa huyo anayesema alifungiwa, nani alimzuia kutoka?"

Walikuwa wanne ndani ya stoo ya vitambaa: Wakili, mpelelezi wa kike mwenye daftari, Mlezi, na mwanasheria wa Mlezi aliyekuwa anatabasamu tangu waingie. Sindano, binti aliyemshtaki Mlezi, hakuwepo. Wakili alikataa kabisa binti yule arudishwe mahali pale. Alikuja na mchoro tu, aliouchora binti mwenyewe kwa kalamu ya risasi: meza ya kukatia, marobota ya vitambaa, mlango, na kwa ndani komeo la chuma lenye skrubu nne.

Watu walimwita Mlezi kwa sababu alichukua watoto wasio na wazazi akawafundisha kutengeneza makochi. Alisifiwa hadharani, akapewa vyeti, akavitundika ukutani. Sindano alikuwa na miaka kumi na tisa, na jina hilo alipewa na wenzake kwa wepesi wa mkono wake kwenye cherehani. Alisema siku ile Mlezi alimwita stoo achague kitambaa, akalisukuma komeo, akamfanyia unyama. Nje redio ilikuwa inaimba, na hakuna aliyesikia.

Mwanasheria wa Mlezi alimwomba mpelelezi aandike vizuri: komeo hakuna. Wakili akaukunjua mchoro, akaulinganisha na mlango. Miaka saba ya kuwatetea watu waliodhalilishwa, na kila mara ni wimbo ule ule. Mwenye kosa anahurumiwa, mwenye kidonda anaambiwa alete ushahidi wa kidonda.

Akaomba chupa ya maji. Akalowesha leso, akaupangusa mlango upande wa ndani, usiopakwa vanishi. Mbao zikanywa maji, zikawa nyeusi. Sehemu nne hazikunywa. Zikabaki pete nne nyeupe za gundi na unga wa mbao, mbili juu, mbili chini, na katikati ya kila pete kijiti chembamba kimepachikwa kufuata mshipa, ule mstari wa asili wa mbao.

Mpelelezi akapiga picha. Tabasamu la mwanasheria likakatika. Lakini Wakili mwenyewe akainama, akazitazama pete zile kwa karibu.

Mkono ule aliujua. Ndio uliomtengenezea meza ya ofisini. Mwenye mkono alizoea kumwambia kuwa fundi mvivu hujaza gundi tupu, yeye lazima afuate mshipa. Alikuwa mchumba wake. Mlezi alimchukua akiwa na miaka tisa, akamfanya fundi, na Fundi ndilo jina lililomshika. Harusi ilibaki wiki tatu.

Walipotoka nje, Wakili alimvuta mpelelezi kando.

"Kazi hii ni ya mchumba wangu. Mhoji wewe. Mimi simgusi."

"Unajua unachokifanya, dada?"

"Najua. Andika kabla sijabadilisha mawazo."

Jioni ile ile alimweleza Sindano yote, akamwambia yuko tayari kujitoa, atafutiwe wakili mwingine. Sindano alimtazama kwa hasira.

"Nimeshasimulia mara nne. Ukiondoka, nitaanza upya kwa nani?"

Wakaafikiana: Wakili atabaki, ila siku mchumba wake atakapotoa ushahidi, mwenzake wa ofisini ndiye atakayesimama kumhoji.

Simu ya Wakili ililia mara kumi na moja. Hakupokea. Ukaingia ujumbe: "Mpelelezi ananitafuta. Nimekosa nini, mpenzi?"

Akajibu: "Usiniambie lolote, nami sitakuambia lolote. Yote mpe mpelelezi. Ukweli mtupu."

"Na harusi?"

Neno hilo alilitazama mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe.

Siku ya pili Shangazi yake Fundi akabisha hodi ofisini. Katika ofisi ile kiti cha mgeni kiko karibu na mlango, na mlango huachwa wazi kidogo, ili anayekuja kusimulia mabaya yake ajue anaweza kuondoka wakati wowote. Shangazi alikaa palepale, mkoba mapajani, akamwaga maneno. Alisema mtoto wao alikula mezani kwa yule mzee. Alisema kadi zimeshagawiwa, na mke mwema hujua mahali pa kuuma meno akanyamaza. Wakili alimsikiliza mpaka mwisho, maana ni mkubwa.

"Huyo binti ataolewa, atasahau," Shangazi akamalizia. "Utakosa mume kwa ajili ya mtoto wa watu?"

"Hilo ndilo linaloniudhi, Shangazi. Mtoto wa watu. Angekuwa wa kwako, ungenijia na mkoba wa harusi?"

Shangazi akafungua mkoba, akaufunga.

"Alimlisha, sikatai," Wakili akaendelea. "Sasa kila sahani ya chakula ndiyo ya kumzibia mdomo? Na Sindano naye alilishwa pale pale. Yeye alilipishwa nini?"

Shangazi alibeba mkoba wake. Aliondoka bila kuaga, na tarehe ya harusi ikapita kama siku nyingine yoyote.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa tano tangu Sindano akimbie karakana. Watu wa nje hawakuruhusiwa. Sindano aliketi nyuma ya pazia, Wakili pembeni yake, wameshikana mikono. Akaingia Fundi. Alikuwa amekonda, shati limempwaya.

Alieleza bila kupinda. Siku ya tatu baada ya Sindano kuondoka, Mlezi alimwita, akamwagiza ang'oe komeo la stoo na aufanye mlango uonekane haukuwahi kuwa nalo. Aling'oa, akaziba, akapiga msasa.

"Hukuuliza kwa nini?" mwenzake Wakili akamhoji.

"Sikuuliza. Amenilea. Nilizoea kutomuuliza." Akavitazama viganja vyake. "Tena nilijisifu moyoni kwamba kazi imetoka safi."

Likatolewa komeo ndani ya mfuko wa plastiki. Fundi alilihifadhi kwenye kopo la skrubu, maana hawezi kutupa chuma kizima. Ndilo alilomkabidhi mpelelezi siku alipohojiwa. Matundu yake manne yalilingana na pete za pichani kama vifungo na shati.

Mwanasheria wa Mlezi akasimama haraka.

"Wewe si mchumba wa wakili wa binti huyu?"

"Nilikuwa. Tangu mpelelezi anihoji, Wakili hajanipa hata salamu. Kama bado ni mchumba wake sijui, mheshimiwa. Komeo ninalijua."

Nyuma ya pazia Wakili aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea mapajani. Sindano ndiye aliyembana mkono zaidi.

Mlezi alifungwa. Kabla hata hajapandishwa gari, mabinti wengine wawili wa karakana walikuwa wamekwishafika kwa mpelelezi, na vile vyeti vya ukutani havikumsaidia kitu.

Baada ya hukumu, kwenye korido ya mahakama, Fundi alimsogelea Sindano, kofia mkononi, akaomba radhi.

"Ulipoziba yale matundu, mimi nikawa mwongo," Sindano alimwambia. "Miezi mitano watu wananicheka njiani. Leo sina cha kukupa, kaka."

"Sawa," Fundi akasema. Hakujitetea. Wakili aliliona hilo, akalitia moyoni, akaondoka na Sindano bila kugeuka.

Zikapita wiki sita. Fundi alikuwa amefungua kibanda chake, anatengeneza viti. Asubuhi moja akapigiwa simu: Wakili anaomba afike ofisini na vifaa vyake, kuna kazi ndogo ya mlango.

Alifika mapema, amenyoa ndevu. Wakasalimiana kama watu waliokutana benki. Wakili akamwonyesha tundu la skrubu nyuma ya mlango.

"Naomba unizibie hilo."

Fundi akalipapasa kwa kidole, akachonga kijiti, akachanganya unga wa mbao na gundi. Akanyanyua mkono apachike. Mkono ukasimama hewani. Akakiweka kijiti chini, akamgeukia.

"Hapa palikuwa na nini?"

Wakili akaweka kalamu yake mezani.

"Nani amekitoa?" Fundi akaendelea. "Na kwa nini unataka pazibwe? Niambie kwanza, la sivyo siwezi."

Hapo Wakili akacheka, kicheko kilichochanganyika na kilio, akaketi kwenye kile kiti cha mgeni.

"Palikuwa na ndoano ya kutundikia koti langu. Nimeing'oa mwenyewe jana."

"Sasa koti utatundika wapi?"

"Popote. Nilitaka kujua kama utauliza."

Fundi akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, gundi ikamganda kwenye nyusi. Wakili akainuka akamfuta kwa leso, ile ile iliyopangusa mlango wa stoo.

"Ziba basi," akamwambia. "Ukimaliza, tukae tupange tarehe. Na safari hii kadi ya kwanza ni ya Sindano. Akikataa kuja, tutamwelewa."

Fundi akakiokota kijiti, akakigeuza taratibu mpaka kikafuata mshipa.