Walikula Kwetu, Wakamuuza Mume Wangu

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na mbili. Nina mabinti wawili na cherehani moja, na ninaishi Nyakabanda, hapa Kigali, katika nyumba ileile niliyoingizwa nikiwa bibi harusi. Wasomaji wenzangu, nimesoma mikasa yenu mingi na nimelia pamoja nanyi. Leo someni wangu... Nimeuweka kifuani mpaka umeniozea!

Msidhani siku zote nilikuwa mtu wa kuhurumiwa. La! Nilikuwa mwanamke wa kuonewa kijicho.

Mume wangu Yusufu alikuwa na gari, Pijo nyeupe aliyokuwa akiikodisha kwa harusi na safari. Siku za kazi gari lilitulisha. Jumapili lilikuwa letu. Na Yusufu alikuwa mtu wa watu! Hakuweza kula peke yake. Ukimwekea sahani akajikuta hana mwenzake, ataichokorachokora, mwishowe atatoka mlangoni kutazama kama kuna jirani anapita amwite.

Aliyeitwa kuliko wote alikuwa Anastazi, jirani yetu wa ukuta mmoja, karani katika ofisi ya serikali. Mkewe, Perpetua, akawa shoga yangu wa kufa na kuzikana. Mimi nikimwita Mama Oliva, yeye akiniita Mama Shamsa, kwa majina ya mabinti zetu wakubwa. Wao Wakristo, sisi Waislamu... ilikuwa kitu gani? Perpetua alinunua sufuria mpya kwa ajili yetu tu, ili tusiwe na wasiwasi na chakula chake. Aliitundika ukutani peke yake, na watoto wake walikatazwa kuigusa.

Niambieni, mtu wa namna hiyo utamshuku kwa lipi?

Ah, Jumapili zile! Mara nyingine tulipitia Masaka, hapahapa pembeni mwa Kigali, tukanunua mbuzi kwa wakulima, Yusufu akamchinja mwenyewe, tukachoma mishikaki na ndizi palepale shambani. Mara nyingine tulikwenda mbali, mpaka Gisenyi, ziwani. Tuliondoka alfajiri, watoto wamepakatwa, mimi na Perpetua tukiimba kiti cha nyuma mpaka sauti zinakauka. Kule ufukweni tulikula sambaza, vile visamaki vidogo vya kukaanga, tukiviokota vya moto kwenye gazeti na kupuliza vidole. Anastazi na bia yake ya Primus, Yusufu na Fanta yake, wakigonganisha chupa na kucheka.

Kipande cha mwisho cha nyama Anastazi hakukubali kukila. Alikisukuma upande wa mume wangu. "Kula, ndugu yangu," alisema. Ndugu yangu!

Katikati ya mwaka 1990 tulialikwa harusi Kabale, ng'ambo ya mpaka, Uganda. Binti wa mjomba wake Yusufu alikuwa anaolewa. Ndugu hao wa upande wa mama mkwe wangu ni Watutsi waliokimbia Rwanda zamani, na wengine hawakuweza kurudi hata kuzika wazazi wao. Yusufu alipoitaja ile safari, Anastazi mwenyewe alidakia.

"Shemeji," aliniambia, "munaenda kula bila sisi? Haiwezekani!"

Basi tukaenda. Mimi na Yusufu, Anastazi na Perpetua, na mama mkwe wangu katikati amejifunika blanketi kwa ajili ya baridi ya Kabale. Watoto tuliwaacha kwa dada yangu.

Sijawahi kuona furaha kama ile. Matoke yalifunuliwa kwenye majani yakifuka mvuke, pilau, kuku, maziwa kwa vibuyu. Mama mkwe na kaka yake walishikana mikono wakashindwa kuachana. Walipotengana walikuwa vijana, na sasa wote wawili wana mvi.

Tulipokuwa tunakula, mjomba alisimama mezani petu na glasi yake ya maziwa. Akasema, "Mungu akipenda, harusi ijayo tutaila nyumbani."

Ni hayo tu! Maneno ya mzee aliyechoka kukaa ugenini. Tukaitikia amina. Anastazi aliitikia kwa sauti kuliko sote, kisha akainuka akamkumbatia mzee.

Tulirudi Kigali tumeshiba na kuridhika. Hatukujua kwamba tumebeba kifo ndani ya gari...

Oktoba vita vikaanza. Wapiganaji, wengi wao watoto wa wakimbizi wa Kitutsi, waliingia kutoka upande uleule wa Uganda, na Kigali ikageuka kama mtu aliyepandwa na homa. Neno moja likawa kwenye kila kinywa: ibyitso, yaani wasaidizi wa adui walio ndani. Mwenye ndugu Uganda alianza kutembea akitazama chini. Watu walikamatwa makazini, sokoni, majumbani mwao.

Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai. Askari waliingia bila hodi, wakauliza Yusufu ni nani. Akasimama, kikombe bado mkononi. Mmoja wao akamtazama akitabasamu.

"Harusi ijayo mtaila wapi?" akamuuliza.

Maneno ya mjomba! Yalifikaje kwenye kinywa cha mtu huyu? Sikupata muda wa kufikiri. Walimtoa na ndara miguuni, na Shamsa wangu akamkimbilia mpaka barabarani akiita, "Baba! Baba!"

Nilikimbilia kwa nani? Kwa Perpetua! Alinipokea kifuani, akalia kuliko mimi.

"Mama Shamsa, vumilia," aliniambia. "Sisi iko pamoja. Mungu iko."

Nilipomuuliza nani angeweza kuyasema maneno yale, alipangusa macho akasema kule harusini kulikuwa na watu wengi, labda mtu wa upande wa bwana harusi. Nikaamini. Kwa nini nisiamini?

Jioni ileile Anastazi alikuja. Alisema gari likiendelea kukaa kwangu askari watalichukua, afadhali nimpe ufunguo ili alihifadhi kwake. Nikampa. Na nikamshukuru, jamani! Nilimshukuru kwa machozi!

Basi yakaanza maisha ya mlango wa gereza. Wanawake tulipanga foleni juani na vikapu vyetu. Kuonana na waume zetu hatukuruhusiwa. Chakula kiliingia, vyombo vikatoka. Kama chombo kimetoka kitupu, ulijua mtu wako yu hai na unaenda nyumbani na tumaini kidogo.

Perpetua alinisindikiza. Kuna siku alipika yeye, katika sufuria yetu ileile, isombe, yaani kisamvu, ya karanga, akaitia kwenye bakuli lake la buluu lenye maua ambalo Yusufu alilijua vizuri. Na hapo nikaona jambo la ajabu. Vyombo vyangu vilitoka vimekombwa. Bakuli la Perpetua lilirudi limejaa, halikuguswa.

Mimi ndiye niliyeona aibu! Nikamwomba radhi shoga yangu, nikamwambia huenda tumbo linamsumbua. Perpetua alitazama pembeni, akalifunika bakuli na kanga.

Miezi ikapita. Anastazi alipandishwa cheo, wakahama ukuta wetu, wakaenda kukaa kwenye nyumba nzuri Rebero. Siku moja mama mkwe alirudi kutoka msikitini akasema ameiona Pijo yetu imejaa watu wa harusi, na maua juu ya boneti. Nilipomuuliza Anastazi, alicheka. Alisema analiendesha kidogokidogo ili betri isife. Nikacheka naye...

Mwaka uliofuata, mvua kubwa zilipoanza, wafungwa wengi waliachiwa. Yusufu wangu alirudi!

Lakini alirudi nani? Mwanamume aliyeondoka amenyooka alirudi amepinda mgongo kama mzee. Vidole vya mkono wa kulia havikuweza kushika kijiko. Alikohoa, na kwenye kitambaa nikaona damu. Alipokuwa akiulizwa jambo alifumba macho. Sikumsumbua. Nilisema moyoni, mume wangu dawa yake ni watu. Nitampikia, nitawaita wenzake, atachangamka.

Ijumaa baada ya sala nikaandaa chakula cha shukrani. Yeye sikumwambia, nilitaka kumfurahisha. Na wa kwanza kualikwa walikuwa Anastazi na Perpetua.

Walikuja na Pijo yetu. Walileta kreti ya soda na paja la mbuzi. Anastazi aliingia amefungua mikono yote miwili.

"Ndugu yangu! Mungu mkubwa!"

Yusufu alikuwa ameketi mkekani, ameegemea mto. Alimtazama. Kisha akaniita, kwa sauti ndogo kabisa.

"Mama Shamsa, mwambie mgeni wako asikae."

Niliona aibu! Nilidhani gereza limemharibu akili. Nikaanza kumbembeleza, nikamwambia huyu ni Anastazi, rafiki yako.

"Namjua," akasema Yusufu. "Waliponipiga siku ya kwanza nilikana. Nikasema hakuna maneno yoyote yaliyosemwa Kabale. Basi wakamleta huyu. Alisimama mbele yangu, karibu kama ulivyosimama wewe. Akayarudia maneno ya mjomba, neno kwa neno. Akasema alitufuata harusini kutupeleleza. Nikamwita kwa jina lake... akatazama ukuta."

Pilau ilikuwa inafuka katikati yetu.

Nilimwangalia Anastazi nikisubiri akane. Mungu wangu, nilitamani akane! Lakini alikuwa anajifuta jasho.

"Walijua nilikwenda Kabale," akasema. "Nisingetangulia kusema, ningesemwa mimi. Nina watoto, Yusufu."

"Na mimi nina nini?" Yusufu akamuuliza.

Nikamgeukia Perpetua. Yule aliyenishika mkono kwenye foleni, aliyenifuta kamasi kwa ncha ya kanga yake. Nikamuuliza neno moja tu, "Ulijua?"

"Mama Shamsa... iko bwana yangu. Ningefanya nini?"

"Ulikuwa unalia na mimi!"

"Nililia kweli," akasema. "Nililia kweli."

Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, wasomaji. Kwa sababu namwamini. Alilia kweli! Angenichekea moyoni, ningejua namna ya kumchukia.

Sasa nilielewa kwa nini bakuli la buluu lilirudi limejaa. Mume wangu alikuwa anashinda njaa, lakini chakula cha nyumba ile hakikupita kooni. Na mimi huku nje namwomba radhi mpishi!

Mama mkwe wangu ndiye aliyeinuka. Kwetu mgeni haondolewi sahani, hata awe nani. Yule mama mzee aliinama, akachukua sahani iliyokuwa mbele ya Anastazi, akachukua na ya Perpetua, akaenda nazo jikoni. Wakatoka. Tukasikia gari letu likiwaka na kuteremka mtaani, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulidai. Tungelidai kwa nani? Nani angemsikiliza mtu aliyetoka gerezani kwa jina la icyitso, msaidizi wa adui?

Yusufu hakupona. Mtu yule aliyetafuta jirani wa kula naye alianza kula ameuelekea ukuta. Hata sisi hakutaka tumtazame. Mwaka 1992, mwezi wa Ramadhani ukikaribia, alinifia mikononi.

Na mazishi, je? Watu waliokula nyama yake na kupanda gari lake walijificha majumbani. Waliogopa kuonekana kwetu. Waliolibeba jeneza walilazimika kupumzika njiani, kwa sababu hapakuwa na wa kuwapokea.

Perpetua alituma sukari na mchele wa matanga. Nilivirudisha.

Nilidhani sitamwona tena. Lakini mwaka huu wa 1993, mchana mmoja nikiwa kwenye cherehani, kivuli kilisimama mlangoni. Ni yeye. Amekonda, macho yamezama. Nilimwacha asimame. Aliniambia Anastazi amehamia chama kingine, na wakubwa wake wa zamani wamemgeukia. Wanamwangalia vibaya. Usiku watu wasiowajua wanapita nje ya nyumba yao Rebero.

"Mama Shamsa," akasema, "ikitokea kitu... utampokea Oliva?"

Jamani! Mji mzima huu, hakupata mlango mwingine? Nilitaka kumwuliza wako wapi wale waliopanda Pijo yetu. Nilitaka kumfukuza. Lakini Oliva ni mtoto niliyembeba mgongoni mwangu. Alijifunza kutembea kwenye sakafu yangu.

"Mtoto nitampokea," nikamjibu. "Wewe, sijui."

Aliinamisha kichwa, akaondoka. Sijui kama nilijibu vema. Mnaojua niambieni.

Ndugu zangu, siwaambii msile na watu. Chakula cha peke yako ni kichungu, nimekiona. Safirini, alikaneni, chekeni. Lakini msihesabu udugu kwa sahani! Kucheka ziwani kila mtu anaweza. Kabla hujamketisha mtu mahali ambapo wazee wako wanafungua mioyo yao, jiulize: huyu nimewahi kumwona akiwa na hofu? Alishika mkono wa nani alipoogopa?

Nawe unayekula kwa mwenzio, ukaja kubanwa na wakubwa, nakuomba kwa jina la Mungu usinyamaze ukatangulia kwa askari. Nenda kwanza kwa rafiki yako. Mwambie, "Naogopa. Wataniuliza habari zako." Ni maneno machache tu! Anastazi angeyasema, Yusufu wangu asingekasirika. Namjua mume wangu. Angefunga mlango, angemketisha, na wangetafuta pamoja njia ya kupona wote wawili.