Mpira Mdomoni

Pipa la esansi lilicheua. Mohamadi, kibarua wa garaji, alilisikia waziwazi, mchana kweupe, pale garajini mtaani Buyenzi: gwaa, kama mlevi aliyeshiba. Na harufu yake, lo! Haikuwa ya esansi, ile petroli tunayoijua. Ilikuwa ya nyama iliyosahauliwa juani.

Vita vilikuwa vimeleta embargo, esansi imekuwa adimu, wateja wamesongamana mlangoni na bidoni zao, madumu matupu. Sasa, nani Buyenzi asiyejua? Pipa hufunguliwa kwa Bismillahi ili majini wakae mbali, bidoni huwekwa chini kwenye udongo, esansi huvutwa kwa pompu. Lakini Moubarak, mwenye garaji, alikuwa na pupa.

"Pompu inachelewesha watu. Vuta na mudomo, we!" akamfokea Mohamadi, akimtupia mpira wa kuvutia esansi.

Haya, mtu mwenye mpira mdomoni atasemaje Bismillahi? Upumbavu mtupu.

Mohamadi akavuta. Likaja kohozi zito, la uvuguvugu, lenye nywele. Akataka kutema, lakini mpira ukamng'ang'ania midomo, na kutoka chini ya pipa kitu kikaanza kumfyonza yeye, taratibu, mate kwanza, kisha pumzi, kisha kitu cha ndani kabisa, huku mashavu yakibonyea na macho yakigeuka meupe, mpaka Moubarak akamchomoa. Hapo esansi ikatiririka safi, na Moubarak, tamaa haina haya, akajaza bidoni zote.

Nyumbani Mohamadi hakumtambua mtu. Alitapika ute mweusi, akainama, akaulamba tena sakafuni hadi ukaisha. Mwanvua, mke wake, alikuwa akimwosha midomo ile inayonuka huku machozi yakimtoka. Alimtaka mume wake, basi.

Akaitwa Shehe Hamimu. Akasoma mpaka sauti ikamkauka.

"Toka mu huyu mutu!" akanong'ona.

Midomo ya Mohamadi haikutikisika. Sauti ikatoka tumboni, ikinguruma.

"Mi nitoke, mwili huu mumuachie nani? Mwenyewe hayumo. Nilimuvuta, akabaki mu pipa."

Mwanvua akaruka. "Shehe, twende! Tumutoe mule, tumurudishe!"

Moubarak alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Mwanvua," akasema polepole, "lile pipa liliisha. Wenye taxi walibeba esansi yote."

Nje, taxi ikawashwa, ikatema moshi, ikaondoka. Mwanvua akatoka mbio peku, akaifuata barabarani, akiuita moshi ule kwa jina la mume wake.