Oti za Zarka

Kila asubuhi kabla ya shule, Zarka alipitia shambani kutazama oti, nafaka ya majani ya mifugo, walizopanda kwa ajili ya Rani, nyati wao wa maziwa. Ukungu wa Punjab ulikuwa mzito, lakini si mzito kiasi cha kuficha aibu. Oti za jirani zilishafika magotini. Za kina Zarka zilikuwa nyembamba, za manjano manjano, kwa kuwa mpunga ulichelewa kuvunwa na wao wakachelewa kupanda.

"Hilo ni shamba au kipara cha babu yako?" binamu yake Tahir alimtania.

"Kipara chako mwenyewe," Zarka alimjibu, ila moyoni aliumia.

Baba yake, Mzee Rafaqat, alimwachia kazi ya mbolea siku ya zamu yao ya maji ya mfereji. "Mwanangu, nusu ya gunia la urea umwage leo. Nusu nyingine tutaiweka tukishakata mara ya kwanza. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Alisikia, lakini hakutii. Alimwaga gunia zima, kisha akamwambia Baba ni nusu. Ile kazi ilikuwa ngumu, mikono ilimchonyota, na bado alijiona mjanja.

Basi oti zikachangamka. Zikawa kijani kilichokoza hadi wapita njia wakasimama kuzitazama. Baba alimsifu mbele ya majirani wakinywa chai: "Huyu binti yangu ana mkono wa baraka." Zarka akainamisha kichwa. Angesema nini, na sifa zimeshamwagwa? Siku hizo mfereji ulikuwa umefungwa ili usafishwe, na jua halikuonekana hata kidogo. Oti zilikaa bila maji.

Siku ya kukata, Baba alileta mzigo mkubwa. Rani, aliyekuwa karibu kuzaa, alikula kwa pupa. Haikufika jioni akaanza kuhema na kuyumba, kisha akalala chini. Ulimi wake uligeuka rangi ya zambarau.

Mama aliketi kando ya Rani akilia waziwazi. Maziwa ya nyati huyo ndiyo yaliyowalisha.

Daktari wa mifugo, Bibi Farzana, alifika na pikipiki yake. Alisikiliza kifua cha Rani. "Baridi hii imeshuka mapafuni," alisema, akaanza kuandaa sindano. "Amekula nini leo?"

"Oti, daktari. Tumeweka nusu gunia tu la urea," Baba alijibu kwa uhakika.

Zarka akinyamaza, Baba ataendelea kumsifu. Akinyamaza, Rani atapewa dawa isiyo yake.

"Si nusu," alisema. "Niliweka gunia zima, Baba. Nilikudanganya."

Baba alimgeukia. Daktari aliiweka chini ile sindano, akamchoma Rani kidogo sikioni. Damu ilitoka ya kahawia, kama chai ya rangi.

"Majani yamemdhuru," alisema haraka. "Mwondoleeni hayo yote. Nishikieni kichwa."

Akamtia mshipani dawa ya rangi ya buluu, polepole. Zarka alishika pembe, machozi yakimtiririka. Walisubiri sana. Hatimaye Rani akavuta pumzi ndefu, akajikongoja, akasimama.

"Sikiliza, binti," Daktari Farzana alisema akifunga mkoba. "Kuchelewa kupanda hakufidiwi kwa mbolea. Oti zikilishwa urea nyingi, kisha zikakosa maji na jua, hujaza sumu majanini. Msizikate mpaka mfereji ufunguliwe na jua litoke siku kadhaa. Mkianza kumlisha tena, mpeni kidogo, mchanganye na majani makavu ya ngano. Na mwakani pandeni mapema. Ungechelewa kusema, ningekuwa natibu mapafu mpaka afe."

Daktari alipoondoka, Zarka alimsogelea baba yake. "Nisamehe, Baba."

"Nimekasirika, usidhani sijakasirika," Mzee Rafaqat alisema. "Kesho utawaambia majirani mwenyewe, maana walishaanza kuuliza siri ya shamba letu, na wao wana nyati." Akamfuta machozi kwa ncha ya kilemba chake. "Uongo ulikupa sifa, mwanangu, na mimi nikauamini. Lakini ukweli ulipokuwa mchungu uliusema, na nyati wetu anapumua. Kazi ya mkono hurekebishwa. Mdomo usiosema kweli, huo hauna dawa."

Kesho yake Zarka aligonga mlango wa kwanza. Ulikuwa wa kina Tahir.